Shajara ya mradi: tabia ndogo za kila siku ofisini kwetu, Mombasa

Januari, wiki ya kwanza

Haya, tumeanza. Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini, iko huku Mbaraki ghorofa ya pili, watu wanane ukihesabu na kijana wa mbio anayezungusha makaratasi. Mradi hauna mfadhili wala bajeti, ni sisi wenyewe tumekubaliana kwamba kuanzia sasa mpaka mwezi wa tano tutajaribu kubadilisha vile tunavyoipitisha siku, kidogo kidogo, na mimi ndo niandike kinachoendelea ili tusije tukadanganyana baadaye. Tunataka vitu viwili na kwangu vina uzito sawa, mizigo itoke bila kukimbizana na siku za storeji, yaani zile siku mzigo unakaa bandarini ukilipiwa, na mtu akirudi kwake jioni awe bado na uso wa kuwaangalia wanawe. Kuna mmoja wetu kasema hicho cha pili si mambo ya ofisi. Mimi nasema ni mambo ya ofisi kabisa, manake huo uso ofisi ndo imeutumia kutwa nzima.

Kabla ya kugusa chochote tumeangalia kwanza siku ilivyo. Mtu anaingia asubuhi, hata kiti hakijapata moto, simu mkononi, magrupu ya wateja yashajaa, huyu anauliza kontena langu limefika wapi, huyu katuma picha ya ankara imepigwa upande, huyu yuko Kampala anataka bei sasa hivi, basi ikifika chai ya saa nne ile entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iliyobaki tangu jana iko pale pale haijaguswa na kila mtu ashachoka na ukimuuliza umefanya nini hana cha kukuonyesha. Mtafiti mmoja anaitwa Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu jambo hili hili, kwamba ukiiacha kazi hujaimaliza ukarukia nyingine, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Sasa mtu anaingiza namba za ushuru huku nusu yake iko kwenye grupu la mteja, huyo atakosea tu, na si uzembe.

Kanuni niliyoomba tuifuate ni moja. Hakuna tabia mpya kuanzishwa hewani. Kila moja lazima itundikwe kwenye kitu ambacho siku yetu tayari inacho, kama kanzu na msumari wake. Msumari ni chai ya saa nne, ni adhana ya adhuhuri, ni kuzima mashine jioni, vitu ambavyo vitatokea tu tupende tusipende. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1999 kwamba mtu aliyepanga "ikitokea hivi nafanya hivi" anatekeleza kuliko yule aliyesema tu nataka nifanye. Hapa Pwani siku ishagawanywa zamani, adhana zinaigawa bila saa ya mkononi, kazi yetu ni kutundika.

Tabia ya kwanza: saa ya mzigo mmoja. Ukishafungua mashine, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu asubuhi unakamata ule mzigo mzito kuliko yote uliobaki na huo tu. Simu zinaingia kwenye bati la biskuti pale mapokezi. Inabaki simu moja ya zamu, na zamu inazunguka, leo wewe kesho mimi, kwa sababu meli haingoji mtu na mteja naye ana haki ya kupokelewa.

Januari, wiki ya tatu

Kaskazi imeshika, jua la saa saba halitazamiki, na ofisi ina eisi moja ambayo inawapuliza watu wa dirishani peke yao. Kwa hivo ile saa ya asubuhi imependeza yenyewe tu, ndo wakati pekee kichwa kina ubaridi.

Wateja ndo tuliowaogopa. Kuna mmoja wa vipuri vya magari, mtu mzima, alipiga akapokewa na dada wa mapokezi maana zamu ilikuwa yake. "Mbona simu ya kijana wangu haipatikani? Mzigo wangu mmeuuza?" Dada akamjibu kwa adabu zake, "Shikamoo mzee. Haujauzwa, yuko nao mkononi saa hizi, ikifika saa tatu atakupigia mwenyewe akupe majibu." Na saa tatu kamili akapigiwa. Siku mbili tatu baadaye yule mzee akawa hapigi tena mapema, anangoja saa yake. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba mteja hataki tuwe hewani kila dakika, anataka ahadi yenye saa, na ahadi itimizwe. Tukichelewa kupiga hata mara moja tutarudi kule kule, kwa hivo dada kaandika kwenye kikaratasi nani anapigiwa na nani, anapitia meza moja moja bati likifunguliwa.

Kijana wa mbio analalamika kwamba yeye hana mzigo mmoja, ana njia tu. Ni kweli kabisa. Tumekaa naye tukaona kwamba kinachomuua yeye ni kutumwa mara nne upande mmoja wa mji, aende Kilindini arudi, akifika hapa anaambiwa kuna kingine kule kule. Sasa asubuhi anangoja saa tatu, anachukua vyote kwa mpigo, anapanga mwenyewe aanze wapi. Hajatumwa na mtu mmoja mmoja tena. Nadhani yeye ndo amefaidika kuliko sote na nauli ya tuktuk imepungua, bosi kaona kwenye hesabu bila kuambiwa.

Jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: salaam. Tuna kijana mgeni, ametoka bara, mchapakazi sana, lakini alikuwa akiingia anapitiliza hadi mezani kwa mzee wetu wa forodha, "faili iko wapi?" Mzee hasemi kitu, anampa faili, lakini siku hiyo hamfundishi chochote. Dada wa mapokezi akamwita pembeni, "mwanangu, hapa mtu kwanza husabahiwa, umuulize na nyumbani, kisha faili itakuja yenyewe." Kijana kaanza, hata dakika mbili hazitimii, na sasa mzee anamwita mezani amuonyeshe vitu ambavyo hakuna kozi inavyofundisha. Na salaam zile si adabu peke yake. Ndipo unapojua nani hakulala kwa sababu mtoto ana homa, na huyo usimpe hesabu ndefu siku ile, mpe kazi nyepesi. Bosi akiingia na kupitiliza chumbani kwake tunajua wote siku imeanza vibaya. Nimemwambia, kaniskiza.

Februari, mwanzoni

Tabia ya pili ndo ninayoiamini kuliko zote, na nitaiandika kwa urefu.

Daftari. Mtu asizime mashine kabla ya kuandika mistari mitatu: nilichosogeza leo, kilichokwama na kimekwama kwa nani, nitakachoanza nacho kesho. Basi. Msumari wake ni kuzima mashine, na kila mtu ana daftari lake la kawaida la karatasi, lile la mistari la dukani. Tulijaribu kuandika kwenye simu tukaacha, ukishaifungua simu kuandika mstari mmoja unakutana na mambo ishirini.

Hivi ndivyo ulivyo ukurasa mmoja, nimeomba ruhusa kwa mwenyewe:

Nilichosogeza: kontena la vigae, cheti kimefika, entri imeingia, ushuru mteja kaambiwa. Kilichokwama: deliveri oda ya matairi, kwa wakala wa meli, wanasema malipo hawajayaona. Kesho: saa mbili nitume tena risiti ya benki, nisingoje wapige wao.

Sasa tazama mstari wa pili. Deliveri oda ni ile karatasi ya wakala wa meli ya kuruhusu mzigo utolewe. Zamani huyu dada wa makaratasi angeenda nyumbani na mawazo ya matairi tumboni, kwenye matatu ya Kisauni anayafikiria, kwenye kupika anayafikiria, usiku anashtuka. Akishaandika kimekwama kwa nani, anaona kwamba hakijakwama kwake. Na akishaandika kesho ataanza na nini, kichwa kinamuachia. Ananiambia analala vizuri, na mimi namwamini kwa sababu asubuhi haulizi "nilikuwa wapi vile", anafungua daftari anaendelea.

Lakini mstari wa kwanza ndo wenye siri. Teresa Amabile na Steven Kramer, watafiti wa Marekani, walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238, karibu maandiko 12,000 ya siku moja moja, wakatafuta ni kitu gani kinazifanya siku nzuri za kazi ziwe nzuri. Kilichotokea mara nyingi kuliko vyote kwenye siku hizo ni mtu kuona amepiga hatua kwenye kazi yenye maana kwake, hata hatua ndogo. Hiyo ndo hali yetu hasa. Kazi ya kutoa mizigo haishi, kontena moja likitoka matatu yameingia, kwa hivo ukingoja kumaliza ndo ufurahi hutafurahi mpaka ustaafu. Inabidi uione ile hatua ya leo. Na hatua usipoiandika haionekani, inafunikwa na kelele za kilichokwama, manake kilichokwama kina mdomo na kilichosogea hakina.

Mzee wetu wa forodha kaandika siku moja neno moja tu kwenye mstari wa kwanza: "Nimefundisha." Nimefurahi mno.

Februari, kabla ya Ramadhani

Orodha ya kukagua. Hii haikupokelewa vizuri mwanzoni. Mzee akasema yeye kazi hii ameifanya tangu enzi za karatasi za kaboni, leo aambiwe akague kwa orodha kama mwanafunzi. Sikubishana naye. Nilimhadithia kisa cha ndege ya Boeing iliyoanguka Oktoba 1935 huko Ohio, ndege mpya kabisa ya injini nne, rubani wake hodari, ikapaa ikaanguka kwa sababu ile kufuli inayozuia mkia usiyumbe ndege ikiwa chini haikufunguliwa. Baada ya pale marubani wakatengeneza orodha ya vitu vya kuangalia kabla ya kuruka, si kwa sababu hawajui kazi, ni kwa sababu kazi imekuwa na vitu vingi kuliko vinavyokaa kichwani kwa wakati mmoja. Na madaktari wa upasuaji nao, Shirika la Afya Duniani liliwatolea orodha yao mwaka 2008, ina vitu 19. Mzee akasema, "ikiwa daktari anasoma karatasi ndo apasue, basi lete hiyo karatasi."

Ya kwetu ni fupi, imebandikwa pembeni ya skrini. Jina la mwenye mzigo na namba yake ya PIN, ile ya mlipa kodi, vilingane kwenye karatasi zote. Uzito wa hati ya shehena ulingane na wa orodha ya mzigo. Sarafu ya ankara. Namba ya ushuru, ile ya aina ya bidhaa, isomwe na mtu wa pili. Namba ya kontena isomwe kwa sauti, herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho ndo ya kuhakikishia zile za mbele, kwa hivo isiachwe hata siku moja. Mzee ndo aliyeongeza cha mwisho: jina la meli na safari yake, kwa sababu meli moja inakuja mara nyingi na watu huchanganya safari. Kingekosekana hicho.

Inasomwa na wawili, mmoja anasoma mmoja anaangalia, msumari wake ni ile dakika kabla ya kutuma entri. Na hapa pana furaha ambayo sikuitarajia. Watu wanapenda kusomeana. Mtu anayekaa peke yake na skrini kutwa anapata mwenzake wa kukaa naye dakika tano wakitazama kitu kimoja, na kosa likipatikana linakuwa la karatasi, haliwi la mtu.

Na chakula. Ijumaa baada ya swala tunakula pamoja, sinia moja la biriani, mashine zimefungwa. Siku nyingine kila mtu ale anapotaka ila si mbele ya skrini. Kibodi zilikuwa zina mafuta ya viazi karai.

Ramadhani

Mambo yamegeuka. Chai ya saa nne haipo na ndipo tulipokuwa tumetundika mapumziko ya kunyoosha miguu, basi mapumziko yakaanguka pamoja na chai. Watu wanakaa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri bila kuinuka. Tumehamishia kwenye swala ya adhuhuri, wanaoswali wanainuka na wasioswali wanashuka chini wanazunguka jengo mara moja, na hili likishika nadhani tutaliacha hapo hapo hata baada ya Idd, adhuhuri haihami.

Wenzetu Wakristo wanakunywa chai chumba cha nyuma na hakuna aliyewaomba, ni ustaarabu wao. Na wao ndo wameshika simu ya zamu saa za mchana ili waliofunga wamalizie mapema. Sisi tukawaahidi zamu za Pasaka.

Saa ya mzigo mmoja imenoga kuliko wakati wowote. Baada ya daku mtu ana nguvu mpaka saa tano hivi, tukairefusha ikawa masaa mawili mazima, na kazi nzito yote inafanyika hapo. Mchana ni kazi za mkono tu, kupanga mafaili, kupiga mihuri, kujibu. Usilazimishe hesabu saa nane mchana mwezi huu, utairudia.

Usingizi ndo tatizo. Tarawehe, kisha futari nyingine ya ndugu, kisha daku. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi na hapa hakuna anayezipata kwa mkupuo. Wazee wetu walikuwa na dawa yake, kailula, kulala kidogo kandokando ya adhuhuri. Tumetandika mkeka chumba cha mafaili, dakika ishirini, kengele ya simu. Bosi alisita, akasema mteja akiingia akaona watu wamelala? Nikamwambia mteja atakaa mapokezi, chumba cha mafaili anakwendea nini. Akacheka, akakubali. Wanaolala wanarudi na macho makavu, nimewaangalia.

Baada ya Idd

Sasa hili nalo lazima liandikwe, kwa sababu tabia za mtu mmoja mmoja zina mwisho wake.

Daftari linafanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Halafu saa tatu usiku bosi anatuma ujumbe kwenye grupu la ofisi, "lile kontena la Jinja vipi?" Hataki jibu usiku ule, anaandika asisahau, lakini simu ikishalia, mtu yuko na mumewe au mkewe, anaichukua, na usiku wake umekwisha. Unaweza kumfundisha mtu tabia zote za dunia, kama juu yake kuna mtu anayemfikia saa yoyote hakuna itakayosimama. Mimi hapo ndipo ninapotofautiana na hayo mawaidha ya mafanikio kazini yanayomwambia mfanyakazi ajipange, ajipange, ajipange, na mwajiri hatajwi.

Nilimwendea baada ya salaam za Idd, nikamwambia, "Bosi, nina neno, na naomba ulipokee kwa wema." Nikampa karatasi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40, na kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 duniani. Nikamwambia kwangu mimi ujumbe wa usiku unahesabika humo, mtu anayengoja simu yuko kazini. Na sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ajira ya 2007, inatoa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Tuna watu hapa likizo wanaiuza au wanaisahau.

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nikikumbuka kitu usiku nifanyeje?" Swali la haki. Yeye ndo mwenye mkopo, yeye ndo anayepigiwa na mteja mkubwa usiku. Tukakubaliana naye anunue daftari. Kweli, analo sasa, liko kitandani kwake, mistari ile ile mitatu. Na baada ya saa kumi na mbili jioni inabaki simu ya zamu peke yake, na anayeshika zamu ya usiku asubuhi yake anaingia saa nne. Haikuwa rahisi kwake na namheshimu kwa hilo.

Mzee wa forodha kaenda likizo Lamu. Hakumbuki mara ya mwisho lini.

Aprili, masika

Mvua haikati. Barabara za huku mjini zimejaa maji, wa Likoni wanachelewa kwenye feri, wa Changamwe wanakwama njiani, kuna siku ile saa ya mzigo mmoja ilipita hakuna mtu ofisini ila dada wa mapokezi na bati lake. Kijana mgeni akaniambia basi tumeharibu, tuanze upya. Nikamwambia hapana. Pale Chuo Kikuu cha London, UCL, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, matokeo yakatoka 2009, na wastani wa tabia kushika ni siku 66, lakini kuna aliyekadiriwa 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Na walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakubomoi. Kinachotakiwa ni kurudi kesho yake. Kesho yake tukarudi.

Kuna dada wetu mmoja wa Likoni ana yake aliyoianza bila kuambiwa. Akishuka feri hapandi tuktuk, anatembea mpaka ofisini, na jioni hivo hivo mvua isiponyesha. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima, yeye anazipata njiani na nauli inabaki mfukoni. Msumari wake ni feri, na feri ataipanda tu. Nimempenda huyu.

Kilichokufa: mazoezi ya kunyoosha mgongo kila saa. Hayakuwa na msumari, yalikuwa na kengele ya simu, na simu zimo kwenye bati. Tumeyaacha. Kushukuru nako tulitaka kukuweka kwenye daftari kama mstari wa nne, watu wakaanza kuandika "namshukuru Mungu kwa uzima" kila siku kwa mwandiko ule ule, ni kweli lakini hakumfikii mwenzako. Tumekutoa huko, sasa kunasemwa kwa mdomo Ijumaa kwenye sinia, na lazima uwe umeona kitu chenyewe. Kijana wa mbio aliambiwa na mhasibu, "ile Jumanne uliporudi na stakabadhi zimefungwa kwenye nailoni mbili, mvua yote ile, hakuna hata moja iliyoloa wino, ahsante mwanangu." Akaacha kula. Hajawahi kuambiwa kitu hicho mbele ya watu.

Mei, baada ya Siku ya Wafanyakazi

Hali ya mradi ilivyo leo.

Daftari limeshika kwa wote isipokuwa mhasibu, yeye anaandika mstari wa tatu tu na anasema unamtosha. Tumemuacha, ni wake. Orodha ya kukagua imeshika kiasi kwamba entri ikitumwa bila kusomwa mtu anauliza. Saa ya mzigo mmoja ipo ila meli mbili zikiingia pamoja inavunjika, na sijapata dawa ya hilo. Mkeka umebaki chumba cha mafaili, wanaoutumia ni watatu. Simu ya zamu ya usiku inalia kidogo kuliko tulivyodhani, wateja wengi wakijua kuna mtu wanangoja asubuhi wenyewe.

Storeji tumelipa kidogo kuliko msimu uliopita kwa makosa yaliyo ya upande wetu. Ule ucheleweshaji unaotoka nje haujapungua na sikutegemea upungue, mtandao ukilala umelala. Lakini hata hapo pana tofauti. Mtandao ukilala zamani watu walikuwa wanakaa wakilaumu mpaka jioni. Juzi ulipolala, mzee alivuta kiti akamwita kijana mgeni wakapitia mafaili ya mwaka jana moja moja, haya hapa walikosea uzito, haya hapa namba ya ushuru ilibishaniwa, mpaka mtandao ukarudi na hawakugundua.

Bosi ameomba tuongeze miezi. Kinachofuata: kupanga likizo za kila mtu kwenye kalenda moja ya ukutani kabla ya mwezi wa saba, kijana wa mbio aanze kufundishwa kuingiza entri saa ya asubuhi na mzee, na kutafuta namna ya kulinda saa ya mzigo mmoja siku za meli mbili. Mhasibu anapendekeza siku hizo simu za zamu ziwe mbili. Jumatatu tunajaribu.